Muulize Mwalimu: Shule ya mtaani imeshuka, nihamishe watoto?

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinaongelea jambo moja, shule za msingi za serikali kwenye miji midogo, ile miji ambayo sio kijiji tena ila na mji kamili bado. Kuna wanaolia matokeo yanashuka, wengine madarasa yamejaa hadi mlangoni, wengine madarasa yanabaki wazi maana watu wamehamisha watoto. Nimechagua barua tano, baadhi nimezifupisha. Majina ya shule nimeyatoa yote na nawaomba mnaoandika msiyaweke, maana mwalimu mkuu anayesemwa hana nafasi ya kujibu hapa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza nguo za mtumba kwenye mji mdogo hapa mkoani Tanga. Mkubwa yuko darasa la tatu shule ya serikali ya hapahapa mtaani, mdogo anaanza la kwanza Januari. Tangu ifunguliwe inglishi midiamu upande wa pili wa stendi watu wamehamisha watoto sana, darasa la kwanza mwaka huu wameandikisha nusu tu ya walivyokuwa wanaandikisha zamani. Matokeo ya la saba yaliyopita wastani wa shule yetu ulikuwa 131, watoto 104, hakuna A, B 11, C 47, D 40, E 6. Ile nyingine wastani 236 ila walikuwa watoto 19. Mume wangu anasema tukope tuwahamishe wote wawili, ada inazidi milioni moja kwa kila mtoto na basi ni hela nyingine. Majirani wananiona kama sijali wanangu. Nifanyeje?
Mama wawili

JIBU: Marahaba mama. Kwanza hao majirani waache waseme, mzazi asiyejali hawezi kuniandikia madaraja ya shule nzima mpaka E ya mwisho kama ulivyoandika wewe.

Tuanze na hizo namba maana ndo zinawatisha watu. Mtihani wa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. C inaanzia 121 mpaka 180, na mwenye A, B au C ndo anahesabiwa amefaulu. Kwa hiyo shule yenu wamefaulu 58 kati ya 104, ni kama asilimia 56, wakati kitaifa mwaka 2024 ufaulu ulikuwa asilimia 80.87. Sikufichi, hapo mko chini na mna haki ya kuuliza. Ila hebu waangalie hao 40 wa D. Shule ya wastani kama huo, D wengi wanakuwa wamezunguka kwenye mia hivi, yaani wamekosa kama alama 20 za kufika C, ukigawa kwa masomo sita ni alama tatu au nne kila somo. Alama nne za Hisabati ni maswali machache tu ambayo mtoto angeyaweza kama daftari lake lingesahihishwa na akarudia alipokosea. Nakwambia hivi ili ujue shule yenu haijafa, iko karibu na mstari na imekosa msukumo.

Na ile ya 236, hongera zao, kuna walimu wanafanya kazi pale. Lakini watoto 19! Shule nyingi za namna hiyo mtoto anafanyiwa usaili kabla hajapokelewa, anayeonekana mzito mzazi anaambiwa nafasi zimejaa, na wazazi wote ni watu wanaoweza kulipa, wanaonunua vitabu, wana taa nyumbani na mtoto anakunywa chai kabla hajatoka. Shule yenu inapokea kila mtoto anayefika pale getini, na ndivyo inavyotakiwa. Kuna wakati matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, yalikuwa yanazitenga shule zenye watahiniwa 40 na zaidi na zile za chini ya 40, kila kundi likapangwa kivyake, na ilikuwa na maana, kufaulisha 19 na kufaulisha 104 ni kazi mbili tofauti. Alafu Januari 2023 Baraza likaacha kabisa kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, mi nikafurahi sana, ila naona huku mtaani watu wameendelea kupanga foleni yao wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sasa kwa wanao. Leo jioni chukua daftari la Hisabati la huyo wa la tatu. Usiangalie tiki kwanza, angalia tarehe. Tarehe zinafuatana siku za shule au kuna wiki nzima imerukwa? Kalamu nyekundu imepita mara ngapi, na pale mtoto alipokosea kuna sahihisho limefanywa chini yake au kosa limebaki vilevile wakaenda mada nyingine? Kisha mpe kitabu cha Kiswahili cha darasa lake asome aya moja kwa sauti, akimaliza funika kitabu umuulize nani alifanya nini kwenye hiyo habari. Kuna watoto wanasoma kwa kutiririka kabisa ila ukimuuliza amesoma nini hajui. Hapo utapata jibu kuhusu mwanao ambalo wastani wa 131 hauwezi kukupa, maana wastani ule ni wa watoto wa watu waliokwisha kumaliza.

Kama anasoma na anaelewa, mwache alipo. Ukimhamisha saivi kwenda kufundishwa kwa Kingereza masomo karibu yote, mwakani tu yuko la nne na anakaa upimaji wa kitaifa kwa lugha ambayo hajaizoea, nimeona watoto wazuri wakanyamaza darasani mwaka mzima kwa sababu hiyo tu. Kama hasomi basi tatizo ni kusoma, na hilo linaanza kutibiwa nyumbani na kwa mwalimu wake wiki hii, halisubiri mkopo. Na mkopo mi siuungi mkono, nasema wazi. Ada sio ya mara moja, ni ya kila muhula mpaka amalize, na wako wawili. Biashara ya mtumba ikiyumba miezi mitatu mtoto anarudishwa nyumbani katikati ya muhula, anakosa huku na kule keshatoka.

Mdogo ndo nafasi yako. Umeniambia darasa la kwanza limepungua nusu, wewe umeliona kama aibu ila mi niliwahi kufundisha la kwanza na naliona kama bahati, kama wamebaki chini ya 45 basi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mwalimu ataweza kushika mkono wa kila mtoto kwenye kuandika. Nenda Desemba kabla hawajafunga, muulize mwalimu mkuu nani atafundisha la kwanza mwakani. Ukisikia ni mwalimu anayependa watoto wadogo na amekaa nao mda mrefu, andikisha bila wasiwasi.

Kuna hatari moja ambayo nataka wewe na wenzako mliobaki muijue. Mgao wa walimu unafuata idadi ya wanafunzi, kipimo cha shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Watoto wakipungua, halmashauri ikija kusawazisha ikama, yaani idadi ya walimu kila shule, inaona hapa kuna walimu wa ziada, inawahamisha, na mara nyingi anayeondoka ni yule kijana wa Hisabati anayehitajika kwingine. Ruzuku nayo inahesabiwa kwa kichwa. Na zaidi ya hapo, wazazi wanaohamisha ndo mara nyingi walikuwa wanakuja kikaoni wakauliza maswali, wakiondoka kikao kinabaki cha kusikiliza taarifa na kupiga makofi. Kwa hiyo ukibaki, baki na sauti. Gombea kamati ya shule, mama anayekumbuka mpaka E ngapi anahitajika pale.

SWALI: Habari Mwl. Mimi ni mwalimu mwenzio, ajira mpya, nimepangiwa mji mdogo wa machimbo kanda ya ziwa. Nina darasa la pili watoto 148, chumba kimoja, madawati hayatoshi wengine wanakaa chini. Kila wiki wanaingia wapya wengine wanapotea, wazazi wanafuata dhahabu. Kwenye kikao cha tathmini tumesimamishwa mbele ya watu tukaambiwa walimu wa siku hizi hatujitumi ndo maana watoto hawajui kusoma. Nililia usiku. Naomba ushauri kabla sijaacha kazi.
Mwl. wa la pili

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na usiache kazi. Watoto 148 ni zaidi ya madarasa matatu kwa kipimo cha serikali yenyewe, hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukusimamisha mbele za watu akakwambia hujitumi kabla hajakuuliza uko na wangapi.

Nataka ujue kwanza hili halikuanza na wewe. Baada ya Azimio la Musoma mwaka 1974 nchi ilitaka kila mtoto aingie shule, watoto wakajaa, walimu wakatafutwa haraka haraka. Ilipokuja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002 ada ya shule ya msingi ikafutwa, wakajaa tena. Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza na michango nayo ikaondolewa, wakajaa mara ya tatu. Kila mara watoto wanafika kwanza, vyumba vinafuata, mwalimu anakuja wa mwisho. Hata zile fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 zilizojenga madarasa 15,000, 12,000 yalikwenda sekondari na 3,000 kwenye shule shikizi, zile ndogo zinazoegemea shule mama, kwa hiyo shule kama yako iliyojaa katikati ya mji ilibaki ikisubiri.

Na hao waliokusema shule zimeshuka kwa sababu ya walimu, waambie waangalie kundi la 2016. Walioanza la kwanza mwaka ule walifika la saba 2022. Mwaka 2021 waliofaulu la saba nchi nzima walikuwa laki tisa na kitu, ufaulu asilimia 81.97. Mwaka 2022 ufaulu ukashuka mpaka 79.62, magazeti yakaandika umeshuka, lakini waliofaulu walizidi milioni moja. Yaani asilimia imepungua na watoto waliofaulu wameongezeka kwa zaidi ya laki na nusu. Miongoni mwao wapo ambao bila ile 2016 wangekuwa wanachunga au wanaponda mawe huko huko machimboni. Nani kawafundisha kama sio walimu wenye madarasa kama lako?

Haya tufanye kazi sasa. Darasa la pili kazi yako ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, mengine yote yakikushinda yasikunyime usingizi. Wiki hii wapime wote kusoma, mmoja mmoja, sekunde chache tu kila mtu: herufi, silabi, neno, sentensi, aya. Usifanye siku moja utachoka, chukua ishirini ishirini. Ukimaliza utakuwa na makundi, na nakuhakikishia utakuta kuna watoto kama thelathini hivi wanasoma vizuri tu, hao ni wasaidizi wako, kila mmoja akae na wawili watatu wa kundi la herufi dakika kumi na tano kila asubuhi. Ongea na mwalimu mkuu mgawanye zamu, nusu waingie asubuhi nusu mchana, najua utachoka zaidi, ila 74 unaweza kuwafikia na 148 huwezi. Kusahihisha usijaribu madaftari yote kila siku, utasahihisha bila kuona. Chukua madaftari ya safu mbili leo, mbili kesho, lakini yale uliyochukua soma kweli.

Hao wanaoingia na kutoka, kila anayekuja muulize mzazi namba ya PReM ya mtoto, ile ya kumtambulisha kwenye mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Kama hana taarifa za shule alikotoka mwandikie mwalimu mkuu siku hiyohiyo afuatilie. Usiposhika hilo mapema mtoto anasoma kwako miaka, ikifika kusajiliwa mtihani anaonekana yuko shule nyingine mkoa mwingine, na huku kwenu wanahesabika watoro watoto ambao walishahama zamani.

Alafu andika. Nunua kaunta buku moja, kila Jumatatu andika tarehe, waliopo, wapya, walioondoka, madawati mangapi, wanaosoma aya wangapi. Kikao kijacho usijitetee kwa maneno, soma hicho kitabu. Kwa mfano, mwanzo 22 walisoma aya, sasa 51, kwa mwalimu mmoja na watoto 148. Ukimaliza omba mwalimu wa pili, kwa maandishi, kupitia mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata. Na ukilia tena usilie peke yako, tafuta mwalimu mkubwa pale shuleni, yule mama aliyezeeka na chaki, kaa naye.

SWALI: Mwalimu naomba uniambie ukweli, elimu ni bila malipo au sio bila malipo? Shuleni kwa wanangu kila mwezi kuna kikao cha uji, kikao cha mlinzi, mwalimu wa kujitolea, sasa hivi kambi ya darasa la saba. Ruzuku si inakuja? Inaenda wapi? Nataka nisichange tena na nipeleke hili jambo mbele.
Baba Neema, nyanda za juu kusini

JIBU: Baba Neema, hasira yako naielewa. Ada hakuna, na mtoto hatakiwi kurudishwa nyumbani au kuchapwa kwa sababu mzazi hajachanga, hilo likitokea peleka mbele hata kesho, uko sahihi. Mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango kwa sababu hiyohiyo, watoto walikuwa wanafukuzwa.

Ila kuhusu ruzuku ngoja tukae chini tuhesabu. Kiwango ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, ni kiwango cha tangu enzi za MMEM. Katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ni 6,000, ikigawanywa kwa miezi 12 ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 400 inapata laki mbili. Kwenye laki mbili hiyo kuna chaki, karatasi, kuchapa mitihani ya ndani, kitasa kilichovunjika, michezo, na vifaa vya ofisini. Mlinzi tu akilipwa hela ya kumfanya aje kazini imekwisha. Kwa hiyo mtu akikwambia imeliwa yote, uliza kwanza ilikuwa shilingi ngapi. Taarifa ya mapato na matumizi una haki ya kuiona, inatakiwa ibandikwe ubaoni, kama haijabandikwa omba ibandikwe, na usikubali kusomewa haraka haraka mwisho wa kikao watu wakiwa wamesimama.

Baada ya hapo kila mchango uupime peke yake, usiukatae wote kwa pamoja. Uji mi nakusihi uchangie, hata kama ni mahindi debe moja badala ya hela. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili, darasani mpaka saa nane, huko kwenu na ile baridi, ikifika saa nne akili imeshalala, mwalimu anaongea na macho tu. Nilifundisha kabla na baada ya uji kuanza shuleni na nakwambia kwa dhati mahudhurio yalipanda kabla hata matokeo hayajapanda, watoto wa kutoka mbali ndo waliacha kutoroka. Mwalimu wa kujitolea nae, kama shule haina mwalimu wa Hisabati kabisa, ni hela iliyoenda mahali pake, mradi makubaliano yawe ya kikao, ya hiari kweli, hela ipokelewe na kamati kwa stakabadhi.

Kambi ya la saba hapo niko na wewe. Miezi mitatu watoto wanalala madarasani wanakaririshwa pepa za nyuma usiku na mchana, wakati miaka sita iliyopita hakuna aliyeuliza kama wanajua kusoma. Hiyo hela ingepelekwa la kwanza na la pili, kununua vitabu vya hadithi na kumlipa msaidizi mmoja, ingezaa zaidi. Tena watoto wa kike kulala shuleni bila uzio na bila matroni ni hatari, ulizeni nani anawalinda kabla ya kuuliza wastani utapanda kwa ngapi.

SWALI: Mwl, mwanangu yuko la sita, nimeitwa nikaambiwa arudie darasa kwa kuwa akifika la saba atashusha wastani wa shule. Hajawahi kuugua wala kutoroka. Nikubali?
Mzazi, Manyara

JIBU: Usikubali kwa sababu hiyo. Kurudia darasa kunaweza kumsaidia mtoto aliyeumwa mwaka mzima au aliyekosa shule kwa mda mrefu, na hapo inafanyika kwa ajili yake. Kumrudisha ili wastani wa shule upendeze ni kumfanyisha mtoto kazi ya watu wazima, na Wizara imeshazikemea hata shule binafsi kwa mchezo huu. Rudi kwa mwalimu mkuu kwa adabu, omba kuona alama za mwanao somo kwa somo kwa mwaka mzima, uliza shule imepanga kumsaidia vipi na nani. Kama jibu ni hakuna, mwone afisa elimu kata, kisha mdhibiti ubora wa shule wilayani. Na ongea na mwanao mwenyewe usiku wa leo, maana mara nyingi ameshasikia habari hizi kabla yako, wenzake wameshamwambia, na anaweza kuacha shule kimya kimya akiwa bado anaaga asubuhi na begi mgongoni.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya kata. Tunasikia mwaka 2028 kidato cha kwanza wataingia watoto mara mbili. Ni kweli? Shule yetu ina madarasa manne ya kidato cha kwanza na yamejaa sasa hivi. Tunaanzia wapi?
Mjumbe, Dodoma

JIBU: Marahaba, na asante sana, wewe ndo wa kwanza kuniuliza hili wakati lilitakiwa liulizwe kila kata.

Ni kweli. Kwa sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023, ambayo Rais Samia aliizindua Februari 2025, elimu ya msingi inakuwa miaka sita na elimu ya lazima inakuwa miaka kumi. Mtaala mpya ulianza 2024 na darasa la kwanza na la tatu. Wale waliokuwa la tatu 2024 watamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne 2024 watamaliza la saba mwaka huohuo 2027. Makundi mawili yanatoka pamoja, Januari 2028 yako mlangoni kwenu pamoja. Na kwa kuwa miaka kumi ni ya lazima, ule mtindo wa zamani wa waliofeli kubaki nyumbani haupo, wanakuja wote.

Uzuri ni kwamba hawa watoto wapo, wanajulikana kwa majina, hakuna sababu ya kukisia. Shule zinazowaletea wanafunzi nyie ni ngapi, tatu, nne? Waende wajumbe wawili kila shule, waombe orodha ya madarasa hayo mawili, wavulana kivyao na wasichana kivyao kwa sababu ya vyoo, kipimo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hapohapo ulizeni wangapi walikuwemo mwaka jana na hawapo sasa, walienda wapi, wengine mtawakuta wanauza maji stendi na bado wana nafasi ya kurudi. Msiwasahau mabinti waliopata ujauzito, tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, ila wazazi wengi wa miji yetu hawajaambiwa.

Mkishapata jumla gawanyeni kwa 45, toeni vyumba mlivyonavyo, mtajua vinakosekana vingapi. Kisha fanyeni hivyohivyo kwa walimu, na hapa msikubali kuandikiwa tu "walimu", andikeni Hisabati wangapi, Fizikia wangapi, Kingereza wangapi, maana chumba kinaweza kujengwa kwa miezi michache watu wakijitolea mchanga na mawe, mwalimu wa Fizikia humfyatui kama tofali. Shule za msingi nazo waambieni watabaki na chumba kimoja wazi pale la saba likiondoka, kama shule iko jirani kile chumba kinaweza kuwabeba wa kidato cha kwanza kwa muhula wakati mnajenga.

Kama mpo kwenye mamlaka ya mji mdogo kumbukeni bajeti yenu inapita halmashauri ya wilaya, kwa hiyo kuongea na mwenyekiti wa mji mdogo peke yake haitoshi, diwani lazima awe na karatasi yenu mkononi. Rasimu za bajeti zinaanza kuandaliwa mwisho wa mwaka na baraza la madiwani linakaa kuzipitisha mwanzoni mwa mwaka, ikishapita jina la shule yenu lisipokuwemo mnasubiri mwaka mzima. Orodha yenu ifike kwa mtendaji wa kata kabla ya Novemba, ipigwe mhuri wa kupokelewa, na nakala mbaki nayo.